Mnauliza, Tunajibu: Kuifuata Tour de France kwa Gari-Nyumba

Tangu ratiba ya Tour de France ya 2026 itoke, zile mbio za baiskeli za hatua 21, hatua moja kwa siku, barua nyingi tunazopokea hazihusu nani atavaa jezi ya njano ya kinara. Zinahusu gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji, na namna ya kulifikisha mlimani kabla barabara haijafungwa. Tumejibu zile zinazowagusa wengi.

Wiki tatu, hatua zote 21

*Mimi na mume wangu tumepata likizo ya wiki tatu. Tunataka kuanza nao Barcelona Julai 4 na kumaliza nao Paris Julai 26, tusikose hatua hata moja. Tujipange vipi? – Msomaji, Birmingham*

Hamtaweza, dada, na kosa si la gari. Barabara ya mbio hufungwa saa kadhaa kabla ya msafara wa matangazo, yaani magari ya wadhamini, kupita, na msafara wenyewe huwatangulia waendesha baiskeli kwa muda wa saa mbili hivi. Anayetaka pa kuegesha kwenye njia ya mbio awe ameshafika asubuhi na mapema, au jana yake. Jioni, gari la ufagio linalomfuata mwendeshaji wa mwisho likishapita, kila aliyeegesha anawasha injini kwa wakati mmoja. Na mwanzo wa kesho mara nyingi ni mji mwingine kabisa. Waendeshaji wanapelekwa kwa basi na kulala hotelini. Nyinyi mtaendesha usiku, mfike alfajiri, mkute njia imeshafungwa.

Basi chagueni. Kwenye hatua ya tambarare kundi zima linaweza kukupita ndani ya nusu dakika. Ukipiga chafya umelikosa. Mlimani wanakuja mmoja mmoja na kwa vikundi, na kutoka wa kwanza hadi wa mwisho inaweza kupita nusu saa na ushei. Majaribio ya saa, ambapo kila mmoja anaondoka peke yake, yanakupa saa kadhaa za kutazama bila kusogeza kiti. Kwa wiki tatu, milima mitatu na majaribio ya saa mara moja ni mpango unaobebeka. Barcelona nendeni kwa treni, gari liachwe kambini nje ya mji.

Jambo moja linalowahusu hasa nyinyi wa Uingereza: gari-nyumba lililotengenezwa kwa soko la huko lina mlango wa abiria kushoto. Ukiegesha upande wa kulia wa barabara ya Ufaransa, mlango unafungukia kwenye magari yanayopita. Egesheni pale tu penye nafasi ya kuligeuza gari liangalie kinyume, au mjizoeze kutokea mlango wa upande wa dereva.

Alpe d'Huez: tufike lini, tuegeshe wapi?

*Tuko watu wazima wanne, gari la mita 7. Mwaka 2026 wanapanda Alpe d'Huez siku mbili mfululizo. Tunaona ni bahati: tukipata kona moja tutaona mbio mara mbili. – Msomaji, Utrecht*

Hapo ramani imewahadaa. Ijumaa, Julai 24, wanatoka Gap na kupanda barabara ile maarufu yenye kona 21: kilomita 13.8, mwinuko wa wastani asilimia 8.1. Jumamosi wanaanzia Le Bourg-d'Oisans, mji ulio chini ya mlima, wanazunguka kwa njia za juu milimani za Croix de Fer na Galibier, kisha wanaingia Alpe d'Huez kwa nyuma kupitia Col de Sarenne. Kona zile hawazipandi tena. Aliyeegesha kona ya 10 ataona mbio Ijumaa, na Jumamosi itambidi apande kwa miguu zaidi ya kilomita 5 hadi kijiji cha juu. Sarenne kwenyewe hatupashauri kwa gari la mita 7, njia ni nyembamba na lami yake imechoka.

Kuhusu siku ya kufika, kila mkoa hutoa agizo lake la kufunga barabara, lenye saa na kilomita. Lisomeni kwenye tovuti ya mkoa na ya mji wenyewe, wala msitegemee saa za mwaka jana. Ila agizo linasema lini barabara inafungwa, halisemi lini nafasi zinaisha. Kwenye mlima huu nafasi huisha siku kadhaa kabla ya kufungwa. Kwa hatua ya Ijumaa, anayefika Jumatano awe na mpango wa pili mfukoni, na mpango wa pili ni kambi ya bondeni iliyolipiwa mapema, kisha kupanda kwa baiskeli au kwa miguu. Ndiyo maana hatuwashauri muunganishe mlima huu na majaribio ya saa ya Évian hadi Thonon, Jumanne Julai 21. Mkitaka kona, Thonon mwisamehe.

Kona zina namba, 21 chini na 1 juu. Kona ya 7 ni ya Waholanzi, na kwa kuwa mnatoka Utrecht huenda hapo ndipo mnapopataka. Muziki unapigwa usiku kucha, anayetaka usingizi asogee mbali kidogo. Kilomita mbili za mwanzo, kutoka kona ya 21, ndizo kali kuliko zote, na huko kulala ni kuserereka kitandani hadi asubuhi.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Gari lenu lina kama mita 4 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, upande mmoja uko chini kuliko mwingine kwa sentimita 32. Kabari za plastiki za kupandishia tairi zinazouzwa madukani, zile za ngazi tatu, huinua kama sentimita 10. Zinabaki 22. Hamtasawazisha gari kwa kabari hizo hata mkiapa. Kinachosaidia ni mahali: barabara inapopinda hulala kidogo, na sehemu za maegesho kando ya kona ndizo zilizo karibu na tambarare. Pimeni kwa bakuli la maji mezani kabla ya kuzima injini. Msipopata pa kulala sawa, lazeni vichwa upande wa juu.

Tairi zote nne ziwe nje ya mstari mweupe wa ukingo. Chochote kisichomoze barabarani, si ngazi, si rafu ya baiskeli, si turubai la kivuli. Wekeni gia ya kwanza pamoja na breki ya mkono, kwa sababu kwenye Fiat Ducato, ambayo ndiyo chasi ya magari-nyumba mengi, breki ya mkono inashika tairi za nyuma na gia inashika za mbele. Kabari nyingine izuie tairi kwa upande wa chini, na usukani ukatwe kuelekea upande wa mlima, si wa bonde. Kama sehemu ni majani, ingieni kinyumenyume ili pua ya gari itazame mteremko. Ducato huvutwa na tairi za mbele, na mvua ikinyesha usiku tairi hizo huzunguka bure kwenye majani mabichi. Askari wa jandarma akisema sogeza, sogezeni bila mjadala, maana amebeba orodha ya sehemu za magari ya uokoaji.

Turubai likunjwe kila mnapoondoka na kila usiku. Upepo wa milimani hauagi. Julai 14, 2016, kwa ajili ya upepo, mwisho wa mbio kwenye mlima Mont Ventoux uliteremshwa kilomita 6, hadi Chalet Reynard. Watu waliotarajiwa kujaa kileleni wakabanana chini, pikipiki ikakwama kati yao, na mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, baiskeli yake imevunjika, akaonekana akikimbia kwa miguu na jezi yake ya njano.

Friji imegoma

*Bondeni friji inagandisha vizuri. Nikifika mlimani nyama inaharibika siku ya pili. Fundi anasema friji ni nzima. – Msomaji, Hamburg*

Fundi amesema kweli. Friji yako ni ya gesi, ile inayofanya kazi kwa kuchemsha amonia. Haina pampu. Amonia ikishakuwa kimiminika hurudi chini kwa uzito wake yenyewe, na ukiiegesha kwa mteremko wa asilimia 8, yaani karibu nyuzi 5, inatuama kwenye mabomba na baridi inakatika. Ukiiwasha muda mrefu hivyo unaweza kuiua kabisa. Pili, kuanzia kama mita 1,000 juu ya bahari hewa ni nyepesi, na moto wa gesi huweza kukataa kuwaka au kuzimika ovyo.

Ipoze kambini kwa umeme siku nzima kabla ya kupanda, kwa kuwa friji ya namna hii huchukua saa nyingi kufika baridi yake. Ijaze vitu ambavyo tayari ni baridi, na nyama iwe imeganda jiwe. Ukishaegesha, kama gari limelala sana, izime, ifunge, uifungue mara mbili tu kwa siku. Nyama ile siku ya kwanza. Siku ya pili na kuendelea ni dagaa, maharage na mayai. Gesi iwe propani. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0, na juu ya mita 2,000 usiku wa Julai si wa kuaminika. Mtungi wa Ujerumani hubadilishiwi Ufaransa, na nyuzi za regulata hazilingani, kwa hiyo nunua adapta kabla ya kuvuka mpaka.

Friji ya kompresa, yenye pampu ya umeme, haijali mteremko. Hiyo inakula betri: hesabu ampea-saa 40 hadi 50 kwa siku. Betri ya AGM, aina ya betri ya risasi, ya ampea-saa 100 usiitoe zaidi ya nusu, na paneli ya wati 100 kwenye bonde lenye kivuli mchana nusu haitarudisha zote.

Maji, udhu na choo

*Tunatoka Muscat, baba, mama na vijana wawili, tumekodi gari Lyon. Mwenye gari anasema tangi la lita 100 linatosha watu wanne siku nne. Je, ni kweli? – Mzee msomaji, Muscat*

Shikamoo mzee. Huenda linatosha kwa mazoea ya mwenye gari. Kwa mazoea yenu halitoshi.

Kunywa na kupika, lita 12 kwa siku kwa watu wanne. Vyombo, 8. Kuoga kwa kopo na beseni, lita 4 kila mtu, 16. Bomba la mvua lisahauni, linamaliza lita 10 kabla mtu hajajipaka sabuni. Udhu kwa bomba lililo wazi hula lita 3 au zaidi, kwa birika lita 1 inatosha, na hiyo ni lita 20 kwa siku. Mkikusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, kama msafiri anavyoruhusiwa, zinapungua. Jumla ni lita 50 na kitu, na tangi linakauka siku ya pili jioni. Nunueni madumu matatu ya lita 20, yale yale ya kwetu. Lakini kila lita ni kilo, na uzito tutauzungumza chini.

Choo ndicho kinachowarudisha watu nyumbani. Kaseti ya kawaida, yaani tangi la choo linalochomolewa, huchukua lita 17 hadi 20, na inahesabiwa kwa watu wanaotumia karatasi. Istinja kwa maji huongeza nusu lita kila mara. Watu wanne, mara tano kwa siku, ni lita 10 za ziada, juu ya lita 6 za mkojo na 6 za kusuuzia. Kaseti imejaa kabla ya siku kuisha. Ombeni kaseti ya pili kwenye mkataba, tumieni chupa ndogo yenye mdomo mwembamba badala ya birika kubwa, na maji ya kusuuzia yawe kidogo. Dawa ya kaseti ni mililita 150 pamoja na lita 2 za maji safi, na iwekwe kabla ya kutumia. Baada ya harufu kuanza, haisaidii.

Hata hivyo hesabu inagoma: kaseti mbili ni siku mbili. Msimwage korongoni, ni kosa la jinai, na maji yale yale yanaingia kwenye chemchemi za vijiji vya chini. Sehemu ya kumwagia iko bondeni, na mkilishusha gari nafasi yenu imekwenda. Kwa familia yenu, mzee, laleni mlimani usiku mmoja au miwili, si minne. Kabla ya kupanda pitieni kituo cha huduma cha magari-nyumba, Wafaransa hukiita *aire*, mwage kila kitu, mjaze maji, na muwe na sarafu za euro, kwani mashine nyingine hazipokei kadi.

Kutoka Eldoret

*Nina leseni ya Kenya ya miaka sita. Naweza kuendesha? Na viza naomba wapi? – Msomaji, Eldoret*

Unaweza, kaka. Mgeni asiye mkazi huendesha Ufaransa kwa leseni ya kwao ikiwa hai, pamoja na leseni ya kimataifa, ambayo Kenya hutolewa na AA, chama cha wenye magari, au tafsiri rasmi ya Kifaransa. Leseni ya gari dogo inafika kilo 3,500 na haizidi hapo. Kampuni za kukodisha zina masharti yao ya umri na miaka ya leseni, uliza kwa maandishi. Viza ya Schengen huombwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, na watataka kuona utalala wapi. Mkataba wa gari peke yake usiutegemee, ambatanisha na nafasi za kambi ulizolipia.

Kilo 3,500 ndizo zinazowanasa wengi. Chukua gari lenye kilo 3,050 likiwa na dereva na mafuta. Zimebaki 450. Abiria watatu ni 225. Maji lita 100, kilo 100. Baiskeli mbili na rafu yake, 50. Zimebaki 75, na hujaweka sufuria, viti, nguo wala yale madumu. Safiri na maji robo tangi, ujaze karibu na mlima. Rafu ya nyuma ina kikomo chake pia, mara nyingi kilo 60. Baiskeli mbili za umeme zinabebeka, tatu hapana.

Kwenye ushuru wa barabara kuu, gari la kimo kati ya mita 2 na 3, lisilozidi tani 3.5, ni daraja la 2. Lile lenye kitanda juu ya dereva likipita mita 3 ni daraja la 3. Mashine ikikosea kimo, bonyeza kitufe cha msaada kabla ya kulipa.

Mtandao unakatika

*Tukiwa mlimani tutajuaje mbio zimefika wapi? – Msomaji, Brussels*

Simu haitakusaidia, watu wakishajaa, mtandao unakufa. Televisheni yenye antena ya kawaida hushika France 2 na France 3 pale ambapo mlima haujaziba. La uhakika ni jedwali la saa la waandaaji. Pakua au chapisha ukurasa wa hatua yako. Kila sehemu imeandikiwa saa ya msafara wa matangazo na nyakati tatu za waendeshaji, kwa mwendo wa haraka, wa kati na wa polepole. Kituo cha kwanza wakipita kwa saa ya kati, tumia safu hiyo hadi mwisho. Na ukisikia helikopta, acha sufuria, toka nje.

Kwa waliouliza kuhusu watoto: zawadi za msafara hurushwa kutoka kwenye magari yanayotembea. Mtoto asimame nyuma ya mstari, mkono wake uko kwako, na kilichoangukia lami kibaki hapo.

Kushuka

*Tukishuka mlimani breki zinanuka kama kitambaa kinachoungua. Ni kawaida? – Msomaji, Munich*

Ni dalili ya hatari. Kutoka Alpe d'Huez hadi Le Bourg-d'Oisans mnateremka zaidi ya mita 1,100 na tani tatu na nusu mgongoni. Ukikanyaga breki kidogo kidogo njia nzima, joto halipati pa kwenda, mafuta ya breki yanachemka, na pedali inazama hadi chini bila kushika kitu. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo yakipita miaka miwili huchemka mapema zaidi. Yabadilishe kabla ya safari.

Ingiza gia ya pili ukiwa bado juu, injini ikubebe. Ya otomatiki iweke kwenye kuchagua gia kwa mkono. Kabla ya kona kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha achia kabisa zipoe. Jioni ya mbio usishuke; barabara imejaa watembea kwa miguu, baiskeli zisizo na taa na foleni ya kusimama na kwenda, na hiyo ndiyo inayochoma breki kuliko mwendo wenyewe. Shuka kesho yake alfajiri.

Ukisikia harufu, au pedali ikilegea, simama kwenye sehemu pana ya kwanza. Weka gia, zuia tairi kwa kabari, breki ya mkono usiivute, maana inabana vyuma vilivyo moto. Usivimwagie maji, vitapinda au kupasuka. Subiri dakika 45, na ukitaka kujua kama vimepoa, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa.